Ukuta wa Mbao Kati Yangu na Mkamwana

Asifiwe Mungu aliyewapa ndege sauti kabla hajawaonyesha mahali pa kutua, aliyenitunza mimi mzee mpaka nikayaona haya ninayoyaandika. Sina cha kumrudishia. Nina kumbukumbu tu, nazo ni zake.

Nilikuwa mwalimu wa kwaya, sasa nimestaafu. Naishi Iyunga, Mbeya, karibu na barabara kuu, ambako malori ya kutoka Tunduma hayakatiki usiku wala mchana. Zamani nilikuwa nawaambia waimbaji wangu kwamba ukisikika Iyunga, utasikika popote. Mwanangu ni fundi seremala Mafinga. Mke wake, yaani mkamwana wangu, anaimba sauti ya kwanza katika kwaya ya huko, na nimefundisha watu wengi katika maisha yangu lakini sauti kama ile sikupata kuifundisha. Niliikuta imeshakamilika.

Sisi ni Wanyakyusa. Kwetu baba mkwe na mkamwana hawatazamani usoni. Hawakai chumba kimoja, hawapeani kitu mkono kwa mkono, na wakikutana njiani mmoja huacha njia. Siku hizi wengi wameiacha mila hii, hasa mjini, na siwalaumu. Mchungaji alishatuambia kwamba kuishika si wokovu na kuiacha si dhambi. Mimi na mkamwana wangu tuliishika. Hakuna aliyetulazimisha. Ilikuwa heshima tuliyopeana tangu siku ya harusi, na kila mwaka uliopita uliiongezea uzito.

Kwa hiyo kwa miaka kumi na miwili nilimjua kwa sauti. Vingine nilivijua nusunusu: kisogo, pindo la kitenge, mkono unaosukuma sinia mlangoni kisha unatoweka. Lakini akija kwetu Iyunga na kuanza kuosha vyombo, nilikuwa nazima redio. Kwa namna alivyoimba nilijua kama safari ilikuwa nzuri, kama watoto ni wazima, kama amegombana na mwanangu.

Sasa nieleze opera ilivyoingia katika nyumba yetu.

Niliiona mara ya kwanza Iringa mjini, kwenye semina ya walimu wa muziki wa makanisani. Mwalimu mmoja mgeni alitundika shuka nyeupe ukutani akatuonyesha picha ya video ya mchezo wa jukwaani wa huko Ulaya, wa zamani sana, ambao watu wake hawasemi neno. Wanaimba kila kitu, hata kuomba chumvi. Kamera ilikuwa imetulia mbele ya jukwaa. Unaona mapazia, unaona jasho la waimbaji, unasikia watu ukumbini wakicheka. Kisa chake ni cha mzee mmoja mchoyo anayetembea na funguo zote za nyumba kiunoni, amemfungia hata mpwa wake asiolewe, maana huko ni upande wa bibi harusi unaotoa mali. Ana mtumishi wa kike, maskini wa kila kitu ila akili. Mtumishi yule ndiye anayezipata funguo mwishoni.

Wengine wote kwenye semina waliona ni mambo ya kidunia. Mimi nilicheka mpaka nikaona aibu, kisha nikamkumbuka yule bibi mzee katika Maandiko aliyecheka nyuma ya mlango wa hema aliposikia atazaa. Mungu hakumnyima mtoto kwa sababu ya kicheko. Nikaomba nakala ya muziki, nikaenda nayo nyumbani, na kwa miaka minne nikaitafsiri kwa Kiswahili na kuiandika upya kwa solfa, ile ya do-re-mi, kwa sababu ndiyo waimbaji wetu wanayoisoma. Mwanangu aliipeleka kwa kwaya ya Mafinga. Wakaanza kujifunza polepole, jioni za Alhamisi, baada ya nyimbo za Jumapili. Nafasi ya mtumishi wakampa mkamwana wangu. Nafasi ya mzee mchoyo ikachukuliwa na bwana mmoja wa besi, mfanyakazi wa serikali.

Kisha mkamwana akaota rovu shingoni.

Alikuja Mbeya kupimwa, akalala kwetu. Jioni ile mimi nilikuwa sebuleni, yeye jikoni, na mke wangu amekaa kwenye kigoda katikati ya mlango akichambua maharage. Ndivyo tulivyozungumza siku zote: yeye anamwambia mke wangu kwa sauti ya kunifikia, na mke wangu ananiambia mimi niliyekwisha kusikia.

"Mama, mwambie baba daktari amenipa tarehe ya upasuaji. Wiki tatu kuanzia leo."

Mke wangu akanigeukia. "Wiki tatu."

"Nimesikia."

"Amesikia," akamwambia.

"Mwambie daktari hakunificha. Mishipa ya sauti inapita jirani kabisa na uvimbe. Wengine wanatoka na sauti yao, wengine inabadilika. Hawezi kuniahidi."

Mke wangu hakurudia maneno hayo. Aliokota jiwe kwenye maharage akaliangalia. Lori lilipita, na lingine.

"Mama, naomba kitu kimoja tu," mkamwana akasema. "Kabla sijapanda kile kitanda nataka niimbe ule mchezo wote, mwanzo mpaka mwisho, urekodiwe kwa picha kama ule aliouona baba Iringa. Wanangu bado wadogo. Sitaki waje waambiwe tu kwamba mama yao aliimba. Nataka wasikie."

"Mwambie itafanyika," nikasema.

"Amesema itafanyika. Na yule wa besi mnaye?"

Mkamwana akajibu kutoka jikoni, "Amehamishwa Dodoma. Ameondoka Jumatatu."

Hapo sote watatu tulihesabu watu wanaoijua nafasi ile ya mzee mchoyo kwa moyo, na hesabu haikuwa ndefu. Alikuwapo mmoja aliyehamia Dodoma, na mmoja aliyeitafsiri.

Mke wangu akaweka ungo chini. "Hapana," akasema, na safari hii hakuwa anafikisha ujumbe wa mtu.

Alikuwa na haki. Katika mchezo ule kuna wimbo mmoja ambao ndio moyo wake. Mtumishi anasimama mbele ya bwana wake, mikono kiunoni, anamweleza uchoyo wake wote tangu chumvi anayoihesabu punje kwa punje hadi mshumaa anaouzima wageni wakingali mezani, na mzee anajibu kwa kugugumia tu. Tangu nizaliwe sijapata kusikia mkamwana wa Kinyakyusa akimfanyia hivyo baba mkwe wake, hata kwa utani. Mke wangu aliniuliza kama nimekusudia kujiaibisha kwa namna hiyo mbele ya wazee wenzangu kanisani.

Niliingia chumbani nikaomba. Sikuomba ishara, nimejifunza kwamba Mungu akitaka kunionyesha njia hunipa kwanza utulivu, kisha akili ya kawaida. Nilikaa na jambo lile hadi siku ya pili mchana, ndipo nikauona ule mlango wa jikoni kwa macho mengine. Miaka kumi na miwili tumezungumza vizuri tukiwa na ukuta katikati. Tatizo letu halikuwa kuimba. Lilikuwa kutazamana. Na picha haihitaji watu watazamane. Inahitaji mtazamaji aone kana kwamba wanatazamana.

Nikampigia mwanangu simu. "Nijengee nyumba ya vyumba viwili jukwaani, na ukuta wa mbao katikati. Usiwe na upenyo wa kupitisha hata sindano."

"Ukuta wa nini, baba?"

"Wa kumgombezea mzee mchoyo."

Akacheka, kisha akaelewa. "Nitaujenga," akasema.

Mpiga picha tulimpata Iringa mjini, binti wa Kihehe anayerekodi kwaya nyingi za mikoa yetu. Alikuja Mafinga na kamera mbili, akanisalimu vizuri, akanieleza kazi ilivyo.

"Mzee wangu, ni rahisi. Tunarekodi sauti kwanza studio, tunaisafisha. Siku ya picha tunaifungulia kwenye spika, nyie mnafuatisha mdomo tu. Kwaya zote zinafanya hivyo. Hata ukikohoa haisikiki."

"Hapana, binti yangu. Ataimba, nawe utachukua anavyoimba."

"Akikosea?"

"Atakuwa amekosea akiwa anaimba."

Alinitazama kwa upole wanaotazamwa nao wazee. "Mzee, nitaweka jina langu pale mwisho. Watu watasema sijui kazi."

Nikamweleza habari ya upasuaji. Nikamwambia watoto wa huyu mama hawataki kuona mdomo wa mama yao siku moja na kusikia sauti yake ya siku nyingine. Wanataka vyote viwili vya saa ileile. Alifungua na kufunga kifuniko cha kamera. Mwisho akasema, "Basi mnitafutie mahali pasipo na mashine."

Mafinga mahali pasipo na mashine ni pa kutafuta kweli. Misumeno ya mbao inalia mji mzima. Tukachagua Jumapili alasiri, baada ya ibada, ndani ya karakana ya mwanangu, misumeno yote ikiwa imepumzika. Mwanangu alikuwa ameondoa meza zake na kufagia, lakini vumbi la msonobari halifagiliki. Lilikuwa kwenye koo zetu na kwenye kinanda. Ukuta ulisimama katikati kama alivyoahidi. Viungo vyote alivijaza gundi na unga wa mbao. Mpiga kinanda aliketi mwisho wa ukuta, anatuona sote wawili, akawa ndiye jirani wa pande zote. Kamera moja upande wangu, nyingine upande wake na binti mwenyewe. Mke wangu alikaa nyuma ya mpiga kinanda, amejifunga kitenge mara mbili kwa baridi, uso wake bado unasema hapana. Lakini alikuwa amekuja.

Sehemu ya kwanza ilikwenda vizuri kuliko nilivyotegemea. Kiunoni nilikuwa na funguo za stoo ya mwanangu, nikazitikisa kwa uchoyo wa kweli. Kupitia mbao nilisikia sauti yake ikipanda bila kusukumwa. Nilikuwa najua kila noti, nimeziandika kwa mkono wangu, na bado mara mbili nilichelewa kuingia kwa sababu nilikuwa nasikiliza.

Tukafika kwenye wimbo wa kugombezwa. Akaanza: wewe mzee unayehesabu chumvi.

"Simamisha," binti wa kamera akasema. "Mama, umetoka kwenye picha."

Tukaanza tena. Wewe mzee unayehesabu chumvi.

"Simamisha. Mama, mbona unapotea? Nabaki na ukuta mtupu."

Mara ya tatu vilevile. Mimi nilikuwa upande wangu sioni kitu, nikadhani anazidiwa, nikaogopa. Ndipo binti akacheka na kusema, "Jamani, anapiga magoti. Akifika pale pa kumsema mzee, anapiga magoti."

Kwetu mwanamke humsalimu mkwe wake kwa mbali, akiwa ameinama au amepiga magoti, akiangalia pembeni. Mkamwana wangu alikuwa ameona ukuta, alijua ukuta upo, lakini alijua pia nani yuko nyuma yake.

"Mama, simama tu," binti akamsihi. "Mikono kiunoni. Yeye hakuoni, nawe humwoni. Sisi Wahehe mkwe tunamheshimu, lakini magoti tunayaacha nyumbani."

"Nayaambia yasimame," mkamwana akajibu, na nilisikia kwamba karibu alie. "Mama, mwambie baba nayaambia, hayanisikii."

Mke wangu hakuniambia. Binti akapendekeza lile lake la kwanza, tufuatishe mdomo, mkamwana aimbe amepiga magoti kisha asimame kimya mbele ya kamera sauti ikifunguliwa. Kwa mara ya kwanza nilishawishika. Jua lilikuwa linashuka, kesho yake misumeno ingeanza, na Jumatano mkamwana alitakiwa kulazwa. Nilishika ule ukuta kwa kiganja. Nilitaka kusema ndiyo.

Badala yake nilisikia kigoda kikisukumwa. Mke wangu aliinuka, akatoka nje, akarudi na ndoo ya maji na tambara. Akaviweka chini upande wa mkamwana kwa kishindo.

"Kama ni magoti, basi yafanye kazi," akasema. "Huyu si mtumishi? Sakafu hii chafu. Isugue, na ukiwa unaisugua mwambie."

Akamgeukia binti. "Na wewe, teremsha hilo dude lako. Au linajua kuangalia watu wa juu tu?"

Binti akateremsha kamera hadi usawa wa goti, akalala kifudifudi kwenye vumbi la mbao ili aone vizuri. Mkamwana akapiga magoti. Nilisikia maji, nikasikia tambara, na juu yake nikasikia wimbo. Akasugua kwa mapigo ya kinanda. Kila kosa la mzee mchoyo likapata msuguo wake. Kwa sababu alikuwa chini, mahali heshima ilipomtaka awe, mdomo wake ukafunguka kabisa. Akanisema bila kubakiza. Kule Ulaya yule mwanamke alisimama, mikono kiunoni, ikachekesha. Huyu wetu alikuwa magotini na mzee ndiye aliyeonekana mdogo. Nikagugumia kama ilivyoandikwa, na sehemu ya kugugumia kule haikuwa maigizo.

Noti ya mwisho aliishika mpaka mpiga kinanda akaondoa mikono na kumsubiri. Kisha mke wangu, aliyesema hapana, akacheka. Alicheka akishika mbavu, na kicheko kile kimo kwenye picha hadi leo, maana binti alikataa kukifuta. Tukaendelea hadi mwisho wa mchezo kabla giza halijaingia.

Jumatano mkamwana akaingia hospitali. Upasuaji ulikwenda salama, Mungu ashukuriwe na wale madaktari wabarikiwe. Kwa wiki nyingi alinong'ona tu. Mwanangu alinieleza hivyo kwa simu, nami sikuuliza zaidi. Nimezoea kungoja. Mwimbaji asiyejua kunyamaza kwenye kituo chake huharibu wimbo wa wenzake.

Walikuja Iyunga baada ya mavuno ya mahindi, wote pamoja na watoto, na picha ikiwa kwenye kijiti kidogo cha kuchomeka kwenye televisheni. Hapo likazuka swali ambalo sikuwa nimelifikiria: je, mimi niitazame? Ukuta wa karakana ulikuwa umetulinda. Kwenye televisheni hakuna ukuta. Nikamtuma mke wangu jikoni. Alirudi na jibu amejaa kicheko.

"Amesema aliyeko mle si yeye, ni mtumishi wa mzee mmoja mchoyo. Umtazame tu. Ila amesema ukikunja uso usimlaumu, mtumishi alipozipata zile funguo hakujua ni za stoo ya mume wake."

Nikakaa na wajukuu. Nikamwona. Nilikuwa nimejiandaa kwa uso wa mgeni, lakini sikuona ugeni. Ulikuwa uso uleule niliousikia miaka yote. Na niliona jambo ambalo hakuna aliyenisimulia. Mwanzoni alikuwa amefunga kitambaa shingoni kuficha rovu. Kwenye wimbo wa kusugua sakafu kitambaa hakipo. Alikivua, akaliacha rovu lionekane, likipanda na kushuka kila anapovuta pumzi. Mjukuu wangu wa kike, wa miaka sita, aliweka kidole kwenye kioo pale shingoni, akasema, "Sauti ya mama ilikuwa inakaa humu."

Picha ilipokwisha, watoto wakataka irudiwe. Katikati ya kelele zao nikasikia mtu anaimba jikoni, chini chini, sauti nzito ya pili, yenye ukwaruzo kidogo kama mbao kabla ya randa. Nikadhani jirani amekuja.

"Nani yuko jikoni?" nikamuuliza mke wangu.

Akanitazama. "Ni yuleyule."

Nikasikiliza tena. Ilikuwa kweli. Noti za juu hazikuwapo. Alikuwa anaanza ule wimbo wa chumvi, anafika pale pa kupanda, anaacha, anarudi mwanzo. Hakuwa analia. Alikuwa anautafuta mlango mwingine wa kupitia.

"Mwambie aache kuupandia," nikasema. "Mwambie nitamshushia."

"Baba amesema atakushushia," mke wangu akasema mlangoni.

Ile sauti nzito ikajibu: "Mwambie nangoja."

Ndiyo kazi niliyo nayo sasa. Asubuhi, baada ya sala, nakaa sebuleni na karatasi za solfa na kuandika upya nafasi ya mtumishi kwa sauti ya pili, wimbo mmoja baada ya mwingine. Si kushusha do tu. Kuna mahali pa kugeuza njia nzima ili sauti yake mpya isionekane kama ya zamani iliyopungukiwa. Nimefika nusu. Macho yanachoka mapema, nami napumzika na kuendelea. Mwanangu ameutunza ukuta, ameuegemeza nyuma ya karakana chini ya turubai, na binti wa Iringa ameniambia nimpe taarifa wiki mbili kabla. Mke wangu ameuliza kama safari hii kuna nafasi ya bibi anayecheka. Nimemwambia ipo.

Nawe uliyenivumilia hadi hapa, Mungu akupe mtu wa kukaa kwenye kigoda katikati ya mlango wako, afikishe maneno unayoshindwa kuyasema uso kwa uso. Na kile kilichoshuka katika maisha yako, akupe subira ya kukiandikia wimbo mahali kilipo. Amina.